Kabla hujampima mwanao mkojo

Iwapo una kijana nyumbani na umeanza kumtilia shaka, keti kitako nikusimulie habari ya nyumba moja ya Langoni, mjini Lamu. Jina la wenyewe naliweka kapuni.

Kijana ana miaka kumi na sita. Alianza kuchelewa kurudi baada ya isha, chakula akawa anakidonoa tu, asubuhi haamshiki, na mato, kama wasemavyo watu wa Amu, yakawa mekundu. Kisha pesa zikaanza kupungua kwenye mkoba wa mamake. Mama akakosa usingizi. Na ni mzazi gani wa Lamu ambaye angelala? Heroini ilitia nanga katika mwambao huu miaka ya 1980, na hadi leo unga huo wa kete unawala vijana. Teja anayesinzia barazani si mgeni. Ni jirani, ni binamu, ni yule mtoto uliyemsikia akisoma juzuu chuoni.

Basi ndugu yake aliyeko Mombasa akampelekea kipimo, kibao cha plastiki cha kutiwa matone ya mkojo. Alfajiri kijana akalazimishwa kukojoa kikombeni, baba kasimama mlangoni. Ikatokea mistari miwili, mmoja umekolea, wa pili hafifu. Mama akapiga yowe. Yeye alijua vipimo vya mimba, na huko mistari miwili ni ndiyo. Baba hakungoja maelezo. Mchelea mwana kulia, akasema, hulia yeye. Kijana akapigwa, akatupiwa nguo zake kichochoroni, akaenda kulala kwa nyanyake huko Shela.

Sasa nisikilize vyema. Vipimo hivi vya dawa za kulevya, kwa kawaida, husomwa kinyume na vile vya mimba. Mstari mmoja ni wa kuonyesha kwamba kipimo chenyewe ni kizima. Mstari wa pili hutokea pale ambapo dawa haikuonekana, na hufutika ikiwa dawa imo. Hata ukiwa hafifu kama uzi, huo ni mstari. Kijana hakuwa na kitu mkojoni! Mama alikuja kulijua hilo siku ya nne, alipompelekea muuguzi ile karatasi ya maelezo iliyokuwa ndani ya pakiti, imeandikwa Kiingereza kwa herufi za siafu.

Wala usidhani kwamba ukijua kuisoma mistari mambo yamekwisha. Mtoto aliyekunywa dawa ya kikohozi yenye kodeini anaweza kuonekana amevuta unga, kwa kuwa kodeini na heroini ni za ukoo mmoja. Tramado nayo, ambayo imeharibu vijana wengi, haionekani katika kipimo cha kawaida cha ukoo huo. Unga hutoka mkojoni kwa siku mbili tatu hivi, kwa hivyo aliyevuta Ijumaa anaweza kupimwa Jumatano akaonekana malaika. Bangi ni kinyume chake: kwa mvutaji wa kila siku hukaa hata majuma kadhaa, na aliyekwisha kuiacha atazidi kuitwa mwongo. Ndiyo maana jibu la kibao hicho huhitaji kuhakikishwa katika maabara kabla ya mtu kuhukumiwa.

Huko Marekani, ambako vipimo vya nyumbani viliruhusiwa madukani tangu miaka ya 1990, chama cha madaktari wa watoto kilitoa msimamo mwaka 2007 wa kutounga mkono wazazi kuwapima watoto wao nyumbani. Hoja zao ni hizi hizi za makosa ya kusoma, tena na ile ya mtoto kuacha kumwamini mzazi. Mimi huongeza ya kwangu: ukishapata jibu, utafanya nini nalo? Mama wa Langoni hakuwa amejiuliza. Alikuwa na kikombe, hakuwa na la kusema.

Sisemi ufumbe macho. Ukimwona mwanao akisinzia mchana akiwa ameketi, akijikuna, mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano, kisha siku nyingine anatokwa na kamasi, anatetemeka na kulalamika tumbo na viungo, hiyo huenda ikawa arosto. Usingojee kibao. Nenda naye hospitali, mwambie daktari ukweli wote, na kipimo kifanywe hapo na mtu anayejua kukisoma. Kwa waliokwisha kutekwa na heroini, dawa ya methadoni ilianza kutolewa nchini mwishoni mwa 2014, na Malindi ikafuata mwaka 2015. Malindi hiyohiyo ina Omari Project, ambayo imekuwa ikiwashughulikia mateja tangu miaka ya 1990. Fimbo haijawahi kuiondoa arosto ya mtu.

Na yale macho mekundu je? Na zile pesa? Nyanya wa Shela ndiye aliyeyapata, tena bila kikombe. Alimpa mjukuu chai na mkate wa mofa, akanyamaza. Usiku wa pili kijana akasema mwenyewe: kamari ya mpira, ile ya simu. Alikuwa akikesha akitazama mechi, akiliwa, akichukua za mamake ili azirudishe, akiliwa tena. Ni ugonjwa nao, na hakuna mstari wa kuuonyesha.

Kijana amerudi Langoni. Simu iko kwa mama, na deni analilipa kidogo kidogo kwa kubeba mizigo gatini siku za Jumamosi. Magharibi ikiingia huchukua sahani yake akapanda nayo darini, akala peke yake. Baba hajamwomba radhi.