Ordinateri ya mtoto wa uinjinia

Mama wapenzi, kwanza minervali. Pesa ya likelemba isiishie yote kwenye mashine, kisha mtoto azuiwe kuingia kwenye mtihani. Mwaka wa kwanza ni hesabu na fizikia zaidi. Kwa miezi kadhaa daftari na kalamu vitamsaidia, awe kijana ao binti (ndiyo, mabinti nao wanasoma uinjinia).

Siku ya kununua, msiangalie rangi. Ulizeni memori: giga 8 ni ya chini kabisa, 16 ndiyo itamfikisha mbali. Diski iwe SSD, kwa sababu ile ya zamani inayozunguka ni nzito kuwaka, na mashine ikianguka inaharibika upesi. AutoCAD, programu ya kuchora majengo na vyombo, inataka Windows ao Mac. Chromebook, hata ikiwa ya bei ndogo, haiwezi kuiweka.

Okazyo si mbaya. Lakini iwashwe mbele yenu, waya uchomolewe, ikae nusu saa kwa betri. Ikizimika, mpunguziwe bei ao muondoke, maana umeme wetu mnaujua.

Na anayetaka kuwauzia AutoCAD, mwambieni hapana: Autodesk, wanaoitengeneza, huwapa wanafunzi bure wakionyesha kwamba wameandikishwa shuleni.