KAKA STAA, HIYO BUNDUKI YA BABU IGEUZE TUIONE CHINI!

Jina simtaji, mnamjua wenyewe. Yule kaka wa bongo fleva aliyetupia picha na bunduki ya marisau ya mitutu miwili, eti ya Mwingereza, ya mwaka 1850, babu wa babu yake alipewa na mzungu. Jamaa mmoja anayefuatilia silaha za kale akamuuliza kistaarabu tu, "Kaka, alama za chini ya mitutu zinasemaje?" Mashabiki wakamvaa. Mara ana wivu, mara njaa, mpaka mama yake akatukanwa. Kwa swali hilo?!

Mimi nina form four yangu tu ila kusoma najua. Siku tatu nimekesha na picha za wakusanyaji. Jina lililochongwa juu ya bunduki sio ushahidi. Wabelgiji walitengeneza za bei chee kibao wakaziandika "W. Richards" ili mnunuzi adhani ni Westley Richards wa Birmingham. Ukweli uko chini ya mitutu, karibu na panapoingia risasi, ndipo wakaguzi waligonga muhuri wakishaijaribu. Muhuri wa Liège, Ubelgiji, ni herufi ELG na kinyota ndani ya umbo la yai. Mwaka 1893 wakaongeza taji juu yake.

Sasa kaka yetu kajichoma mwenyewe! Juzi kaposti video, fundi kaifungua anaisafisha. Simamisha pale mitutu imegeuzwa. ELG, na taji juu. Mwingereza yuko wapi? 1850 iko wapi? Halafu fundi anasugua kwa msasa jamani! Alama zikifutika hapo, mjuzi wa vitu vya kale hakupi hata hela ya soda.

Magari ya kukodi tumeshazoea, hilo yaishe. Kinachonichoma roho ni hii ahadi ya kuifyatua kwenye besdei yake mbele ya watu. Ile michoro ya mawimbi mnayoisifia ni mitutu ya Damascus, vipande vya chuma laini na chuma kigumu vilivyosokotwa na kufuliwa pamoja. Nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya baruti nyeusi ya zamani. Weka risasi ya kisasa, mtutu unaweza kupasuka, na mkono wa kushoto ndio umeshika hapo hapo. Yule mliyemtukana alitaka kujua hicho tu, kama ina alama ya kujaribiwa kwa baruti ya kisasa au haina.

Kibali sigusi, hiyo kazi ya polisi. Kaka, muombe radhi yule jamaa, na besdei kata keki.