Simu haiwezi kugundua kilichofungiwa kabatini



Siku hizi kila nyumba ina mgunduzi wake. Kijana anarudi kutoka chuoni na simu mkononi, anakwambia amegundua wimbo wa zamani wa ajabu. Anaubonyeza, na wewe mama yake unautambua papo hapo kwa sababu ulipigwa kwenye harusi ya dada yako. Ikifika jioni wazee wanakaa barazani wanacheka: watoto wa siku hizi hawajui kitu, simu imewala akili, sisi enzi zetu tulikuwa na nyimbo na tulikuwa na mawaidha. Hebu tusimame hapo hapo. Kicheko hicho ni cha kumwonea mtoto. Mwenye kustahili kulaumiwa ni yule mzee mwenye kanda arobaini kabatini, zinaota kuvu, na hajampa mjukuu hata moja aisikilize.

Wengi wetu tunadhani simu inajua mambo. Haijui. Chukueni Shazam, ile programu vijana wanayoitumia kutambua nyimbo. Ilianza Uingereza mwaka 2002, na wakati huo ulipiga namba 2580, ukaelekeza simu kwenye spika, kisha ukaletewa jina la wimbo kwa ujumbe mfupi. Mwaka 2018 ikanunuliwa na Apple. Wala haina sikio la mwanamuziki. Inachukua sekunde chache za sauti, inatoa humo alama mfano wa alama ya kidole gumba, halafu inakwenda kuilinganisha na alama zilizomo ghalani mwake. Ikikuta inayofanana, inakupa jina. Isipokuta, inakwambia haikupata kitu, basi. YouTube iliyoanzishwa 2005 nayo ni vivyo hivyo: ikikupendekezea wimbo mwingine baada ya huu, imechagua katika vile ambavyo mtu fulani alikaa chini akavipandisha. Maulidi ya mtaani kwenu ya mwaka 1986 hayamo, kwa hiyo hayawezi kupendekezwa, hata mtoto atafute mpaka alfajiri. Naye amezoea kwamba kisichotokea kwenye simu hakijapata kuwako.

Tazameni ajabu hii. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba kule Unguja, alivuka bahari mpaka Bombay kurekodi santuri za His Master's Voice. Santuri zile zilitolewa nakala nyingi, kila moja na kibandiko chake, jina na namba. Baadaye Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Karibu miaka mia imepita na tunajua aliyeimba ni nani. Sasa shika kanda ya harusi ya Mombasa, Lamu au Malindi ya mwaka 1988. Nani alipiga fidla? Shairi ni la nani? Harusi yenyewe ilikuwa ya nani? Hakuna ajuaye isipokuwa bibi mmoja, na umri wake mwaujua. Basi mwaka 1928 umekuwa karibu nasi kuliko 1988!

Wala tusiisingizie teknolojia. Kanda ilikuwa neema kwa mtu wa kawaida. Philips walipoitoa mwaka 1963 walimpa mtu uwezo wa kurekodi mwenyewe, sebuleni kwake, bila kampuni na bila safari ya Bombay. Tukarekodi kila kitu: darsa, harusi, maulidi, hata barua za sauti walizotuma jamaa zetu waliokuwa kazini Jeddah na Muscat, mtu anaongea nusu saa nzima akitaja majina ya nyumba zote za mtaa mmoja mmoja. Tulichoshindwa ni kuandika. Kibandiko kinasema “Taarabu 2”. Yule aliyejua Taarabu 2 ni ipi ameshatangulia mbele ya haki.

Zile kanda za madukani sizihangaikii sana. Mombasa tulikuwa na Mbwana Radio Service, duka lililorekodi na kuuza kanda za taarabu. Zilikuwa na majina na nakala nyingi, na ndiyo maana mwanao akimtafuta Juma Bhalo, Zein l'Abdin au Zuhura Swaleh atawapata. Nazungumzia kanda ambayo nakala yake ni moja tu duniani, nayo imo kwenye boksi la viatu juu ya kabati lako.

Boksi hilo si salama. Utepe wa kanda ni plastiki nyembamba iliyopakwa unga wenye chuma, na sauti imekaa katika unga huo. Unyevu wa pwani huota kuvu nyeupe ukingoni. Redio kaseti nazo, ule mpira wa ndani unalegea au kukatika, na mafundi wanaojua kuubadilisha wanapungua kila mwaka. Tena kuna zilizouawa na sisi wanadamu. Mgongoni mwa kanda mna vijino viwili. Ukivivunja, hairekodi tena. Nyumba ngapi watu walibandika karatasi juu ya vile vitundu ili warekodi upya? Darsa la sheikh likafutwa na matangazo ya mpira.

Wapo watakaosema: mbona hizo za zamani zote zimeshapandishwa? Haya, nenda ukatazame zimepandishwaje. Wimbo umekatwa mwanzo na mwisho, picha ni ya waridi, jina la chaneli limeandikwa kwa herufi kubwa pamoja na namba ya simu, jina la mwimbaji halipo, na la mtunzi ndiyo usiulize. Watu wangapi wanaomjua Juma Bhalo wanajua kwamba mengi ya mashairi aliyoyaimba ni ya Ahmad Nassir, jamaa yake, mshairi aliyesifika pwani nzima? Mtu amekesha akipanga vina na mizani, leo kijana mwenye chaneli anakula matangazo juu ya kazi ile na hataki hata kuandika maneno mawili, Ahmad Nassir. Huo ni wizi, na tusiupambe kwa kuuita kuhifadhi utamaduni.

Najua pia kuna msomaji ameshakunja uso: muziki tena? Ikhtilafu ya wanazuoni juu ya ala siwezi kuimaliza hapa. Yeye basi aanze na kanda za tafsiri na mawaidha, maana zimo kabati lile lile na kuvu ni ile ile.

Jambo moja tulisikilizane vizuri. Kuhifadhi hakulazimu kutangaza. Kesha la kina mama lilirekodiwa kwa ajili ya kina mama, na barua ya marehemu baba iliandikiwa nyumba yake. Hizo zibaki kwenye familia, zisiende mtandaoni kutafuta watazamaji. Mwenye kanda aulizwe, na waliomo kama wako hai waulizwe.

Kazi yenyewe si ngumu, inataka muda. Wanafunzi, hii ni ya likizo. Tafuteni redio kaseti nzima na waya wa kutoka tundu la kusikilizia hadi kwenye kompyuta. Laptopu nyingi mpya hazina mahali pazuri pa kuingizia sauti, hivyo huenda mkahitaji kifaa kidogo cha USB. Programu ya Audacity ni ya bure, imekuwako tangu 2000. Kanda ikiwa na kuvu msiicheze, itachafua na nyingine. Ipelekeni kwa fundi. Iliyo safi izungusheni kwanza mpaka mwisho na kuirudisha, ndipo muirekodi. Hakuna njia ya mkato: kanda ya dakika 90 itakula dakika 90. Hifadhini kwanza ile sauti isiyobanwa, saa moja ni kama MB 600, kwa hiyo flashi ya GB 32 itabeba saa hamsini hivi. Za mp3 za kutumiana tengenezeni baadaye. Nakala ziwe mbili, katika nyumba mbili tofauti, na msitegemee WhatsApp ya shangazi.

Na katika zile dakika 90 msiiache mashine peke yake mkaenda kucheza. Mleteni bibi, mkalisheni karibu na spika. Akisema huyu wa fidla alikuwa akikaa Kibokoni, na hiyo sauti inayocheka nyuma ni ya somo yangu, andikeni pale pale, kwa kalamu, juu ya kibandiko, kabla hamjageuza upande wa pili.