Sauti ya Hayla, jina la Summit

Na Rehema Salum

Mashabiki wa tech-house, muziki wa kielektroniki wa kuchezea ukumbini, walimjua prodyuza John Summit kwa "Deep End" ya mwaka 2020: besi nzito inayojizungusha na kipande kifupi cha sauti kinachorudiwa mpaka nacho kinakuwa ngoma. Mtindo huo umetengenezwa kwa ajili ya DJ. Prodyuza huacha midundo mitupu mwanzoni na mwishoni ili wimbo mmoja uunganishwe na mwingine bila watu kusimama. Ukumbini ni raha tupu. Sebuleni, nyimbo kumi mfululizo za namna hiyo zinachosha.

Kijana huyo wa Chicago, aliyewahi kuwa mhasibu, alilijua hilo. Albamu yake ya kwanza, Comfort in Chaos, iliyotoka Julai 2024, imejaa waimbaji. Anayetaka "Deep End" ya pili atanung'unika. Mimi namsifu, maana albamu ya kwanza ndiyo mahali pa kuthubutu.

Lakini uthubutu huo umebebwa na koo la nani? Sikiliza "Where You Are", kisha "Shiver". Anayeimba zote mbili ni Hayla, mwanamke wa Uingereza. Sauti yake inapopanda, ngoma inampisha, na besi ikirudi unakuwa umeshatekwa na yeye. Iondoe sauti hiyo, utabaki na mashine safi zisizo na habari ya kukueleza. Kwangu hizo ndizo nyimbo mbili bora za albamu, na sifa nyingi ni za Hayla.

Jina lake limeandikwa, ndiyo, na hilo halikuja bure. Mwaka 1989 kundi la Black Box la Italia lilitamba na "Ride on Time" kwa sauti iliyochukuliwa kwenye wimbo wa Loleatta Holloway, huku kwenye video mwanamitindo akifungua na kufumba mdomo kana kwamba ndiye anayeimba. Mwaka uliofuata Martha Wash aliimba kiitikio cha "Gonna Make You Sweat" cha C+C Music Factory, na kwenye video akaonekana mwanamke mwingine. Wash alikwenda mahakamani kudai haki yake. Wanawake hawa waliwachezesha watu dunia nzima bila watu kuwajua. Nikiwafikiria, nasikia uchungu mpaka leo.

Kwa hiyo haitoshi jina kuwepo kwenye orodha ya nyimbo kama halitamkwi. Muziki huu unapozungumzwa, anatajwa prodyuza peke yake, na mwimbaji anakuwa kama kifaa kimojawapo cha studio. Nyinyi watangazaji na madijei mnaoupiga usiku wa Ijumaa, mkiiweka "Shiver" hewani, semeni: John Summit na Hayla.