Mtihani wa Kiingereza: mzazi asilipe kabla ya kujua chuo

Kila mara matokeo ya Exetat yanapotoka, matangazo yanaongezeka kwenye kuta za Goma, Bukavu, Bunia na Butembo, na zaidi kwenye makundi ya WhatsApp: jifunze IELTS kwa wiki chache, pata TOEFL, nenda Canada. Mzazi ambaye mtoto wake amepata asilimia nzuri anasoma, anauliza bei, kisha anaanza kukusanya dola. Swali lenye kutangulia yote halimo kwenye tangazo: mtihani huo umeombwa na chuo gani?

Hapo ndipo pesa za familia zinapotea. Hakuna mtihani mmoja wa Kiingereza unaokubaliwa kila mahali na kwa kila somo. Chuo ndicho kinachoamua mitihani gani kinapokea na alama gani kinataka, na mara nyingi kitivo cha sheria au cha uuguzi kinadai zaidi ya vingine ndani ya chuo hicho hicho. Tena wengi wanatazama alama ya jumla peke yake. Chuo kinaweza kuomba 6,5 ya IELTS kwa jumla, na sehemu yoyote isiwe chini ya 6. Kijana mwenye 7 katika kusikiliza na kusoma, lakini 5,5 katika kuandika, atarudishwa hata kama jumla yake ni nzuri. Kwa mtu aliyefanya masomo yake yote kwa Kifaransa, kuandika ndiko kunakoangusha, na wiki chache za mafunzo hazitoshi kuponya hilo.

IELTS yenyewe iko ya aina mbili. Academic ni ya wanaotaka kuingia chuo kikuu. General Training ni zaidi ya wanaotafuta kazi au kuhamia nchi nyingine. Majina yanakaribiana, na mtu anayejaza fomu kwa haraka kwenye simu anaweza kuchagua ya pili bila kujua. Katika nchi nyingi mtihani huo unapita dola 200. Kosa la kubonyeza mahali pabaya linaweza kula karo ya mdogo wake mtu.

Kwa Uingereza kuna mtego mwingine ambao matangazo hayausemi. Anayekubaliwa moja kwa moja kwa shahada, chuo chenye idhini kinaweza kupima Kiingereza chake chenyewe na kueleza serikali kwamba kinatosha. Lakini mwenye diplome d'État mara nyingi anaambiwa aanze na mwaka wa maandalizi. Mwaka huo uko chini ya shahada, na hapo sheria ya viza inadai mtihani ulioidhinishwa na serikali ya Uingereza, uliofanyiwa katika kituo kilichoidhinishwa. Mmoja wa hiyo unaitwa IELTS for UKVI. Maswali ni ya namna ile ile kama IELTS ya kawaida, ila cheti si kile kile. Aliyefanya IELTS ya kawaida, hata akipata 8, atalazimika kulipa mara ya pili.

TOEFL ni ya shirika la Marekani, ETS. Vyuo vya huko vinaijua sana, na vingi vya nchi nyingine vinaipokea pia. Tangu mwezi wa kwanza 2026 alama zake zimehama kwenye kipimo cha zamani cha 120 na kuingia kipimo cha 1 hadi 6. Kwa kipindi cha mpito matokeo yanaonyesha pia alama inayolingana na ile ya zamani. Mwalimu wa kituo anayeendelea kuahidi "tutakufikisha 90" bila kueleza badiliko hilo ni wa kuulizwa maswali zaidi.

Halafu kuna Duolingo English Test, ambayo kwa vijana wa mashariki inavutia kuliko yote, na kwa sababu ya kweli. Bei yake ni dola zipatazo 70, inachukua muda wa karibu saa moja, inafanyiwa nyumbani kwenye kompyuta, na matokeo yanatoka kwa siku mbili hivi. Vyuo vingi vya Marekani na Canada vinaikubali. Kwa viza ya ule mwaka wa maandalizi wa Uingereza haisaidii. Na neno "nyumbani" lisidanganye mtu: unatakiwa kuwa peke yako chumbani, masikio yakionekana, macho kwenye kioo cha kompyuta, kamera ikikurekodi mwanzo hadi mwisho. Mtoto akifungua mlango, au intaneti ikikatika katikati, mtihani unaweza kukataliwa. Katika nyumba ya vyumba viwili yenye watu tisa, pengine ni heri kuomba ofisi ya parokia au ya shirika kwa asubuhi moja.

Kwa IELTS, wakaaji wengi wa Kivu na Ituri wanatazama Kigali au Kampala, ambako mtihani huo unafanyika. Kwa hiyo bei ya kweli ni ada ya mtihani, pamoja na gari, kulala, chakula na hati za safari. Jeton ya mpakani inakuvusha kwenda sokoni Gisenyi, lakini haikuingizi kwenye chumba cha mtihani. Huko mgeni anaombwa paspoti, na jina la kwenye paspoti lazima lifanane herufi kwa herufi na lile alilojiandikisha nalo. Mkongomani mwenye jina, postnom na prénom, ambavyo kila ofisi inavipanga inavyotaka, anajua tatizo liko wapi. Paspoti inatangulia, mtihani unafuata.

Kulipa nako ni shida ya pekee. Ada hizi zinalipwa hasa kwa kadi ya benki inayokubalika kimataifa. Baada ya AFC/M23 kuchukua Goma mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, mabenki yalifunga milango. Wanafunzi wakabaki mikononi mwa mawakala wenye kadi. Wako mawakala waaminifu. Lakini akaunti ikifunguliwa kwa imeili ya wakala na namba yake ya simu, matokeo yanakwenda kwake, na hapo anaweza kudai pesa nyingine ili ayatoe. Imeili na neno la siri viwe vya mwanafunzi. Wakala aweke namba za kadi tu, mwanafunzi akiwa ameketi kando yake. Kuhusu wale wanaouza cheti bila mtihani, jibu ni fupi: chuo kinathibitisha matokeo kwa shirika lenyewe, si kwa karatasi.

Wapo wasiohitaji mtihani wowote. Aliyesoma shahada yake Uganda kwa Kiingereza, au Rwanda, ambako Kiingereza kimekuwa lugha ya kufundishia tangu uamuzi wa 2008, anaweza kuomba chuo chake barua inayothibitisha lugha ya masomo. Vyuo kadhaa vya nje vinaipokea mahali pa mtihani. Wa Université Chrétienne Bilingue du Congo ya Beni, inayofundisha kwa lugha mbili, nao waulize kama barua yao itapokelewa. Kuuliza ni imeili moja, na haina malipo. Na kwa nini anayefikiri Canada asifikirie Québec? Kwenye chuo kinachofundisha kwa Kifaransa kama Université Laval, miaka kumi na miwili ya Kifaransa shuleni ni mali, wakati kwenye chuo cha Kiingereza inahesabiwa kama pengo. Ajabu ni kwamba matangazo ya mjini hayaitaji njia hiyo, labda kwa sababu hakuna anayeuza mafunzo yake.

Vyuo vikuu vyetu vina ofisi za uhusiano wa nje, na nyingi zinasubiri wageni wafike ndipo zifunguliwe. Kazi hii ni yao: kubandika ukutani orodha ya vyuo ambako wahitimu wao wanaomba, mtihani unaokubaliwa na kila kimoja, alama inayotakiwa, na tarehe ya mwisho. Idara za elimu za mikoa zingeweza kudai kila kituo cha lugha kiandike wazi kwenye risiti kinafundisha mtihani gani, aina gani. Haihitaji bajeti ya Kinshasa.

Tarehe nazo zinakamata watu. Alama za IELTS, TOEFL na Duolingo zinahesabiwa kuwa halali kwa miaka miwili. Anayefanya mtihani leo "ili awe nao", akisubiri ufadhili utakaotangazwa siku isiyojulikana, anaweza kukuta cheti kimekufa wakati barua ya chuo inafika. Anayechelewa naye anakuta nafasi za Kampala zimejaa. Kwa masomo yanayoanza mwezi wa tisa, vyuo vingi vinafunga maombi miezi mingi kabla, na ufadhili kama Chevening wa Uingereza unafunga mwaka mzima karibu kabla ya safari. Chevening yenyewe haidai cheti cha Kiingereza siku ya kuomba. Ni chuo kitakachokidai baadaye. Mwenye kuijua kanuni hiyo anazibakiza dola zake hadi jina la chuo liwe mkononi.