Kelele ya Mombasa Road: Unalaumu madere, lakini umeskia lami?

Ukilala Salama ama Sultan Hamud, karibu na highway, unajua hii story. Saa nane usiku trela inapita na ile "vuuuu" ndefu, alafu inafika kwa matuta, "kra-ta-ta-ta!" Usingizi kwisha. Asubuhi lawama zote ni kwa madere, honi na ekzosi. Sawa, hao wako na makosa yao. Lakini kuna mshukiwa mwingine hakuna mtu humtaja: lami yenyewe.

Cheki venye inaendanga. Gari ndogo ikishapita mwendo wa 40 ama 50 kwa saa, sauti ya tairi inamezea ya injini. Lori inahitaji spidi zaidi, lakini kwa highway inafika. Tairi inagonga kokoto, inatetemeka kama ngoma. Hewa pia inabanwa chini yake alafu inachomoka kwa nguvu.

Sasa, barabara ya bei nafuu mara nyingi ni bitumeni imemwagwa, kokoto zikatupwa juu. Kokoto zikiwa kubwa, tairi inapiga kelele zaidi. Lami iliyochanganywa vizuri na kokoto ndogo imetulia. Simiti iliyochorwa michirizi ya kukata barabara ndo noma kabisa. Ukiwa Nairobi, zima redio ukiingia Mbagathi Way, ile ya simiti, uskize tairi zako.

Uholanzi walijipanga. Highway zao nyingi ziko na lami yenye vitundu ndani, inameza hewa na sauti, na kelele inashuka kama desibeli 3 hivi ama zaidi. Usidharau hiyo 3, ni kama umetoa nusu ya magari barabarani. Shida ni vumbi. Vitundu vikiziba, mchezo umeisha, na vumbi ya Makueni si unaijua? Kwa hivyo kukopi tu Wazungu hakusaidii. Kokoto ndogo na viraka vimesawazishwa vizuri, hiyo tunaweza.

Panda sasa hadi Nunguni, kule juu milima ya Kilungu. Kwa mlima injini bado itanguruma ikipanda, lami ikuwe ya aina gani. Lakini rafu roadi ikiwekwa lami, magari yanaongeza spidi, na hapo ndo sauti ya tairi inaanza kukuhusu. Hakuna mtu anakataa lami, wacha mchezo. Ile mgonjwa anafika hospitali haraka ni kitu kubwa. Shida ni ile mgonjwa tayari yuko kitandani, dirisha likiangalia barabara.

Sheria iko. Kanuni za NEMA za 2009 zinasema nje ya nyumba za makazi kelele isizidi desibeli 50 mchana na 35 usiku. Trela moja ikipita karibu inavuka hiyo bila jasho. Lakini ukiskia NEMA wamevamia mahali, mara nyingi ni baa.

So KeNHA ama KeRRA wakiitisha mkutano wa barabara kwenu, usiulize fidia na mitaro peke yake. Uliza kokoto ya juu ni saizi gani. Bampu ya shule ibaki, inaokoa watoto. Lakini ile misururu ya vibampu vidogo vya kuamsha dere, uliza inawekwa nje ya dirisha la nani.