SARATANI YA UTUMBO HAIKUI PEKE YAKE (Sehemu ya 4)

Mama mwenzangu, leo nina ombi moja: tuache kusema "ni bawasiri tu" kila tukiona damu kwenye choo.

Najua kwa nini tunasema. Ukishajifungua, bawasiri ni kawaida, na mara nyingi damu inatokea huko kweli. Ila mara nyingi siyo kila mara.

Sasa sikia. Utando wa ndani wa utumbo mpana ni seli zinazojibadilisha upya kila baada ya siku chache. Chini yake kuna tishu inayoushikilia: seli za kutengeneza nyuzi, mishipa midogo ya damu, seli za kinga. Hawa ni majirani, na wanaongea kwa kemikali. Wa chini wanatuma ujumbe, "ongezekeni, kuna pengo." Seli zikipanda juu zinapata ujumbe mwingine, "basi, inatosha."

Shida inaanza seli ya utando ikiharibika vinasaba, ikawa haisikii tena "inatosha". Kinaota kijinyama kidogo. Vingi haviendi mbali. Lakini kinachogeuka saratani kinawashawishi majirani. Kinatoa kemikali, mojawapo inaitwa TGF-beta, na zile seli za nyuzi, ambazo kazi yake ni kuponya vidonda, zinaanza kukihudumia: zinakipa kemikali za kukua, zinasaidia mishipa ya damu ije kukilisha, zinazuia seli za kinga zisikifikie.

Ndiyo maana mimi sikubaliani na "tusubiri tuone". Kijinyama kugeuka saratani huchukua miaka, mara nyingi kama 10. Kikionekana mapema kwa kipimo cha kamera, kwa kawaida kinatolewa hapohapo. Tukichelewa, tunapambana na mtaa mzima.

Kwa hiyo ukiona damu, choo kimebadilika kwa wiki kadhaa, unapungua uzito au damu bila sababu, nenda ukachunguzwe. Kama mzazi au ndugu yako wa tumbo moja aliwahi kuugua, mwambie daktari. Usiseme "mimi bado kijana": mwaka 2021 Marekani walishusha umri wa kuanza uchunguzi kutoka 50 hadi 45, kwa sababu vijana wanaugua zaidi.

Na baba watoto muulize pia, wanaume wanaficha sana haya mambo.

Usione aibu, mpenzi. Sisi manesi habari za choo ndiyo kazi yetu.

Sehemu ya 5: kipimo cha kamera, mnachokiogopa.